Majina Yetu Katika Daftari la Gakwaya

Niseme mapema, msije mkanishangaa huko mbele: mimi Ernestine ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia mara mbili kwa siku moja nitajiuliza unataka nini. Ukinipa mchele bila sababu nitaupepeta mara tatu. Sikuzaliwa hivi. Bukavu nilikuwa msichana wa kwaya, wa kucheka na kila mtu, lakini vita vilinionyesha kwamba mtu anaweza kula harusini kwako Jumamosi, na Jumatatu akawaonyesha wengine mlango wako. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilifika mwaka 2003 nikiwa nimeumwa vya kutosha.

Basi huyu jirani yangu Gakwaya, ambaye ndiye nataka kuwaeleza habari zake, alinipa kazi ya kushuku tangu siku aliyokuja, mwaka 2006. Mnyarwanda aliyekaa Kongo miaka mingi, mjane, mrefu, mkimya, viatu vimepigwa rangi hata siku ya matope. Alipewa nyumba ya udongo iliyotazamana na yangu, mlango kwa mlango. Nikikohoa kwangu, yeye kwake anasema pole. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa Kifaransa. Sasa Kifaransa huku Malawi hakikupi hata nyanya. Akaamua kujifunza Kiingereza, umri wake miaka hamsini na miwili, bila mwalimu.

Alikuwa na njia yake. Hakuyachukua maneno jinsi yalivyokuja. Aliyapanga kwa mikia. Wiki moja alitafuta yanayoishia kwa “-less” tu: homeless, asiye na nyumba, jobless, asiye na kazi, stateless, asiye na nchi. Wiki ya pili “-ness”. Wiki ya tatu “-tion”, na hapo alitamba, maana hayo Kifaransa kimejaa tele. Utamkuta amesimama mbele ya mbao za matangazo, anayanakili. Utamkuta sokoni anaomba kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Siku moja mi naanua nguo, yeye kaketi mlangoni, akaniambia:

“Mama Raïssa, sisi kwa lugha zetu maana tunaiweka kichwani mwa neno. Muntu, bantu, kintu. Mwingereza anaificha mkiani. Ukishika mkia wake, umemshika yeye.”

Nikamjibu, “Eeh, Mwalimu.” Moyoni nikasema: mzee anayeongea habari za kuficha na kushika, huyo si wa kuchezea.

Na kilichonisumbua kuliko yote ni lile daftari. Lilikuwa na jalada la bluu, limefungwa kwa mpira, halitoki mkononi ila linaingia mfukoni. Lazima mfahamu uzito wa neno “liste”, orodha ya majina, kwa watu wa kwetu. Kambini, kama jina lako haliko kwenye liste, hupati mahindi, hupati blanketi, huitwi popote. Kule tulikotoka, kama jina lako liko kwenye liste, ndiyo mwisho wako. Kwa hiyo mtu anayekaa na kalamu akiandika kwa safu, neno chini ya neno, watu wanampita wakitazama pembeni. Huwezi kujua liste yake ni ya namna gani.

Rémy, aliyekuwa anauza sabuni na vocha kwenye kibanda cha kona, ndiye aliyenitia kichaa kabisa. Alikuja kwangu kushonesha suruali, akainama karibu na cherehani.

“Mama Raïssa, we uko na macho ao hapana? Ile muzee iko anaandika bantu.”

“Anaandika bantu namna gani?”

“Majina! Nilichungulia juu ya bega yake. Niliona jina yangu, Rémy, na kando yake kizungu. Juu ya nini aandike jina yangu? Nilimukopa kitu?”

“Pengine ni Rémy mwingine.”

“Kikulacho ki nguoni mwako, Mama. We ushone tu. Siku moja utanikumbuka.”

Akaenda zake. Mimi nikajichoma sindano.

Mwaka 2011, mwezi wa Agosti, shirika moja la Lilongwe likatafuta mkalimani: mtu wa Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza, wa kukaa kati ya maofisa na wakimbizi wanapoeleza shida zao. Gakwaya akaomba. Miaka mitano ya kuokota mikia ya maneno, na sasa kazi hii hapa, kana kwamba imekatwa kwa kipimo chake. Watu watatu tu waliitwa kwenye mtihani wa mdomo, siku ya Ijumaa, mtaa wa Area 47, Lilongwe. Lakini kila mmoja alitakiwa kwenda na karatasi tatu za majirani: Mnyarwanda mmoja, Mrundi mmoja na Mkongomani mmoja, wote wajumbe wa kamati ya bloku, kila mmoja aandike kwamba anamfahamu mtu huyu na anamwamini. Mjumbe wa Wakongomani katika bloku yetu nilikuwa mimi. Hapakuwa na mwingine.

Jumatatu akaniletea vitu viwili: karatasi yangu ya kusaini, na koti lake la kijivu, bitana imechanika.

“Mama, hii koti njo nitaenda nayo Ijumaa. Nitengenezee, na unisainie. Nikipata hii kazi nitatoka katika hii maisha ya kungoja mahindi. Nikikosa, kwa umri wangu sitapata ingine.”

“Hakuna shida, Mwalimu,” nikasema.

Jumanne nikafumua bitana, mkono ukagusa kitu kigumu kwenye mfuko wa ndani. Daftari. Lilisahauliwa humo, limefungwa na mpira wake. Nilisimama, nikafunga mlango, nikaketi tena. Mngefanya nini ninyi? Msijifanye watakatifu. Nikalifungua.

Rémy hakuwa amesema uongo. Kurasa nyingi zilikuwa maneno matupu na maelezo ya Kinyarwanda, ambacho mi sisomi. Lakini kurasa za mwisho kila neno la Kiingereza lilikuwa na jina la mtu kando. Majina yetu! Kiingereza sikijui, ila nilisoma Kifaransa mpaka darasa la kumi, na maneno mengine yanafanana. “Detainee”: kwetu “détenu” ni mfungwa, na kando yake Rémy. “Deportee”: hapo hata mtoto anaelewa, ni kufukuzwa nchini, na kando yake Nizigiyimana, Mrundi wa bombani. “Absentee”, na kando yake: mume wa Ernestine. Chini yake jina langu peke yangu, na neno ambalo halikufanana na Kifaransa chochote, “trustee”. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu sikujua ninapelekwa wapi. Na mwisho kabisa jina lake mwenyewe, Gakwaya, neno refu, halafu “vendredi”. Ijumaa.

Nikajiambia: yametimia. Watu wa kufungwa, watu wa kufukuzwa, watu wasioonekana, na yeye Ijumaa anakwenda Lilongwe kuwakabidhi. Na ofisa gani atakayetilia shaka, ikiwa mimi mwenyewe nimeandika kwamba namwamini?

Alhamisi jioni alikuja kuchukua koti. Akalivaa, akajipapasa kifuani.

“Mama, hukuona daftari yangu ndani?”

“Hapana, Mwalimu. Hapakuwa na kitu.”

Alinitazama kidogo. Nikainama kutafuta uzi chini, na uzi wenyewe ulikuwa mkononi mwangu.

“Basi nitakuwa nimeiacha kanisani. Na karatasi?”

“Kesho asubuhi nakuletea.”

“Kesho minibasi yangu ni saa kumi na mbili.”

“Nitakuletea, nimesema!”

Ijumaa saa kumi na moja na nusu alipiga hodi. Akapiga tena. Mara ya tatu akaita jina langu, Ernestine, si Mama Raïssa, kama mtu anayeomba. Nililala nimetoa macho, nimejifunika kanga mpaka puani. Nilisikia viatu vyake vikiondoka. Niliona haya, sikatai, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko haya.

Nilipohakikisha minibasi yake imeondoka, nikapanda iliyofuata na daftari ndani ya kikapu, pamoja na ile karatasi ambayo sikuisaini, chini ya magauni ya wateja. Nilikuwa nakwenda Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, kwa Véronique, binti wa shangazi yangu. Yeye alisoma Kampala, Kiingereza kwake ni kama maji. Nilitaka anithibitishie, kisha niende kwa wakubwa kabla huyo mzee hajatumaliza.

Véronique alikuwa anashona sare za shule. Nikamwekea daftari juu ya kitambaa.

“Soma hapa. Usinifiche kitu.”

Alisoma. Akageuza ukurasa. Akaanza kucheka, na mimi hasira zikanipanda.

“Unacheka nini? Tumeuzwa!”

“Ngoja, dada Ernestine. Kaa. Haya yote yana mkia mmoja, unaona? Herufi mbili hizi, ‘e’ na ‘e’. Mara nyingi ni mtu aliyetendewa jambo. Si aliyefanya, aliyefanyiwa. ‘Detainee’ ni mtu aliyewekwa ndani. Huyu Rémy hajawahi kuwekwa ndani?”

Rémy alilala siku tisa selo Lilongwe, alipokamatwa anauza sabuni bila ruhusa. Kambi nzima inajua.

“Na huyu Nizigiyimana?”

“Alirudishwa toka Afrika Kusini kwa nguvu,” nikasema polepole.

“Basi njo vile. ‘Deportee’. Mwalimu wako anakumbuka neno kwa kumfikiria mtu anayemjua. Sisi shuleni tulikuwa tunafanya hivyo hivyo. ‘Absentee’ ni mtu asiyekuwepo mahali anapotakiwa. Baba Raïssa yuko wapi?”

“Unamjua aliko. Alienda kutafuta kazi 2008, hata simu hapigi.”

“Sasa Mwalimu kadanganya?”

“Hakudanganya! Njo inanikasirisha! Aibu yangu ndiyo anafanyia masomo?”

Na mpaka leo nasema hapo alikosea. Shida za watu si chaki. Lakini Véronique alikuwa ameshuka kwenye mstari wa chini, na kicheko kikamtoka usoni.

“‘Trustee’. Huyu ni mtu unayemwachia kitu chako akutunzie, na unalala usingizi. Hapa ameandika wewe.”

“Mimi?”

“Ernestine. Mwingine ni nani? Na hili la mwisho, ‘interviewee’, ni mtu anayeulizwa maswali ya kazi. Kajiandika mwenyewe, Ijumaa. Si leo hii?”

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mtihani wake ulikuwa saa nne. Sikumuaga Véronique. Nilichukua kalamu yake ya kuchorea vitambaa, nikasaini karatasi nimeiegemeza kwenye mlango wake, nikatoka mbio mpaka kwa vijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, nikapanda baiskeli ya kwanza niliyoikuta. Njia nzima nilikuwa nampiga kijana wa watu mgongoni nikimwambia akanyage, na yeye anajibu kwa Kichewa kwamba baiskeli si ndege: “Amayi, njinga si ndege!”

Area 47 kuna mageti mengi yanayofanana. Nilipolipata lile lenyewe ilikuwa saa tano kasoro. Gakwaya alikuwa ameketi nje, juu ya tofali, amevaa koti lile, mikono magotini. Hakushangaa kuniona.

“Wamekuuliza nini?” nikamwuliza hata bila salamu.

“Kiingereza changu wamekipenda,” akasema. “Halafu yule mama wa ofisi akahesabu karatasi. Akaniuliza: ‘Wakongomani wa bloku yako wanajua nini juu yako ambacho sisi hatujui?’ Hata mi najiuliza.”

Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka ndani, mlinzi anapiga kelele nyuma. Mama wa ofisi alikuwa Mmalawi wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Nikamwekea karatasi mezani. Akaigusa kwa kidole, wino ukamchafua. Akasema neno kwa Kiingereza, akimtazama Gakwaya. Na Gakwaya, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kunielewesha, akanigeukia akatafsiri, sauti yake tulivu kama ya mtu aliyekwisha ajiriwa:

“Anauliza, umesaini leo, njiani. Mimi nimekulipa nini?”

Hakupunguza neno. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

“Mwambie hujanilipa kitu. Mwambie nilikataa mwenyewe. Nilikushuku.”

Akatafsiri. Mama akauliza tena.

“Anauliza, ulinishuku nini?”

“Mwambie...” Mngekuwa mimi mngelisemaje, wakati mdomo utakaolibeba ni wa mtu mwenyewe? “Mwambie nilikuta daftari lako kwenye koti. Nikaona majina yetu, nikadhani unatuuza. Uliponiuliza nikakudanganya kwamba sikuliona. Leo asubuhi ulipopiga hodi nilikuwa ndani, nimejifunika.”

Hapo ndipo alipojua. Kabla ya hapo hakujua kitu. Mdomo wake ulisimama kidogo, kama cherehani iliyokwama uzi. Kisha akamgeukia mama wa ofisi, akatafsiri yote, sentensi moja moja, na ya hodi pia. Nilimfuatilia kwa macho. Najua hakuruka kitu, kwa sababu yule mama alinitazama pale pale nilipostahili kutazamwa.

Yule mama akafuta kidole chake kwa karatasi. Halafu akaongea kirefu, kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Gakwaya akanieleza:

“Anasema asante kwa kusema kweli. Anasema natafsiri vizuri kuliko wale wawili. Lakini anasema bantu wanaokuja hapa wanakuja na hofu, na mkalimani anasikia siri zao zote. Mtu ambaye jirani yake wa mlango kwa mlango alimwogopa wiki nzima, yeye hawezi kumweka katikati yao. Amechukua mwingine.”

Kisha akamshukuru yule mama kwa Kichewa, “Zikomo,” akainamisha kichwa, akatoka.

Nje nikampa daftari. Akatoa mpira, akahesabu kurasa, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

“Umesoma?”

“Nimesomewa.”

“Yote?”

“Yote, Mwalimu. Nisamehe. Nilikuwa mjinga.”

“Hukuwa mjinga,” akasema. “Hata mimi ningeogopa. Lakini ungeniuliza.”

Tulirudi kwenye minibasi moja. Yeye alikaa mbele karibu na dereva, mimi nyuma na kikapu changu. Niliita bloku nzima jioni ile, nikasimama nikasema yote mbele ya Rémy na mbele ya Nizigiyimana, nimeweka mikono kichwani. Rémy alisema, “Basi juu ya nini alikuwa anaficha?” Watu wakaguna, wengine wakakubali, wengine wakaondoka wakinong'ona. Hakuna tena shirika lililomwita. Alianza kufundisha Kiingereza wamama wa kanisa, bila malipo, na mpaka 2015 nilipoacha kuhesabu, walikuwa wametoka kwake wamama zaidi ya arobaini wanaojua kusoma barua zao wenyewe. Daftari sikuliona tena kwa macho.

Lakini nataka mjue lile la Jumapili iliyofuata. Tangu afike 2006, kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nampelekea sahani, mjane yule, na kazi hiyo sikuiacha hata nilipomshuku. Siku ile nilipika nikijituma: sombe, yaani kisamvu, yenye karanga, samaki mkavu, na bugali, ile ambayo wenyeji wanaita nsima, laini kama anavyopenda. Nikamwekea kwenye kigoda, maji ya kunawa kando.

Huku kwetu, na kwao pia, sumu ni jambo linaloogopwa kuliko bunduki. Mtu akimshuku aliyemletea chakula, kuna neno moja tu anamwambia, na likishasemwa kila mmoja anajua mmefika wapi. Miaka mitano Gakwaya alikuwa amekula sahani zangu bila kulisema.

Aliitazama sahani. Akanitazama mimi. Akasema kwa upole, kama anayeomba radhi:

“Onja kwanza, Mama Raïssa.”

Nikapiga magoti. Nikakata tonge, nikachovya kwenye sombe, nikatia kipande cha samaki, nikala mbele yake, na machozi yananitiririka mpaka midomoni. Nikameza. Akangoja kidogo, macho yake usoni pangu, ndipo akanawa mikono.